Ndege nene ya UN iliyopiga Kolwezi 1962: ilikuwa MiG au nini?

MwanaLushi (Lubumbashi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Marehemu babu yangu mzaa mama alifanya kazi ya reli Kolwezi wakati wa vita ya Katanga, jimbo la Kongo lililojitenga chini ya Moïse Tshombe. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya siku zile za mwisho wa Desemba 1962, UN ilipoleta jeti kupiga uwanja wa ndege. Alisema zilikuja chini chini, fupi, tumbo nene, mdomo wazi mbele, mabawa yamelala nyuma. Zikapiga ndege za Tshombe zikiwa bado ardhini, kisha zikapotea. Yeye na wenzake wa reli walikuwa wakiziita MiG.

Mjomba amebisha miaka yote: UN haijawahi kuwa na MiG Kongo. Juzi rafiki yangu akanitumia picha ya ndege ya Sweden, Saab 29, akasema ndiyo hiyo, ila Waswidi waliiga MiG-15 ya Warusi. Nimeziweka picha mbili pamoja kwenye simu, na kweli zinafanana kama ndugu.

Kwa hiyo nauliza. Kwanza, ndiyo yenyewe? Pili, waliiga au hawakuiga? Na tatu, nchi ambayo hata vita kuu haikupigana ilipata wapi mabawa ya namna hiyo mapema kiasi kile?

MawinguNbo (Nairobi)

Hii ni rahisi bana. Zote mbili ni za Wajerumani. Kulikuwa na mchoro wa Kurt Tank, Ta 183, mdomo wazi mbele, mabawa nyuma, mkia juu. Haikuwahi kujengwa ikamalizika. Vita ikaisha, Warusi wakabeba karatasi wakatoa MiG-15, Waswidi nao wakabeba zao. Kila mtu alikula sahani moja. Kwisha.

FundiMstaafu (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu wa Lushi. Na wewe ndugu yangu wa Nairobi, umekwenda mbio mno. Kaeni niwaeleze, maana hii ndege naifahamu kwa kuishika.

Mimi nimestaafu ufundi wa mwili wa ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilipata ufadhili wa masomo Linköping, mji ule ule ambao Saab wanaundia ndege. Nje kidogo ya mji, Malmen, kuna jumba la makumbusho la jeshi la anga la Sweden, na mwanafunzi asiye na hela ya starehe Jumamosi anakwenda wapi? Ndiko nilikokutana na Saab 29. Waswidi wanaiita Tunnan, yaani pipa, na ukiiona huna haja ya kuuliza sababu.

Jibu la kwanza: ndiyo. Jeti zilizopiga Kolwezi tarehe 29 Desemba 1962 zilikuwa hizo. Mjomba wako ana haki yake, na babu yako macho yake yalikuwa mazima.

Sasa la kuiga. Tuanze na injini, kwa sababu unene wote ule umetoka kwenye injini. Waswidi walichagua de Havilland Ghost ya Uingereza, wakapewa leseni ya kuiunda wenyewe Trollhättan kwa jina la RM 2. Ghost inabana hewa kwa gurudumu kubwa linaloitupa pembeni, si kwa safu za visu vidogo vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine kama injini za baadaye. Gurudumu la namna hiyo lazima liwe pana. Kipenyo cha Ghost ni karibu mita 1.35. Ukishakuwa na dude lenye upana huo, mwili wa ndege utaufanya mwembamba kwa dawa gani? Warusi nao waliuziwa injini za Rolls-Royce Nene na serikali ya Uingereza ya Attlee mwaka 1946 na 1947, wakazinakili. Nene ni ya ukoo ule ule wa gurudumu pana. Ndiyo maana MiG-15 nayo ina tumbo. Ni tumbo la Kiingereza kwenye ndege mbili zisizojuana.

(Kwa wapenda mambo ya kwetu: Ghost hiyo hiyo ndiyo iliyosukuma ndege za abiria za Comet za mwanzo. Mei 1952 Comet ilipoanza safari ya London hadi Johannesburg ilitua Entebbe. Kwa hiyo watu wa Entebbe walisikia injini ya Tunnan miaka kumi kabla ya watu wa Kolwezi, tofauti ni kwamba yao ilikuja na abiria na chai.)

Mwanangu, zichukue tena zile picha mbili, nikuoneshe alichonionesha mzee mmoja pale Malmen, fundi wa zamani wa ndege hizi aliyekuwa akijitolea siku za mapumziko. Aliniambia, ingiza kichwa mdomoni. Nikaingiza. Ndani ni bomba moja la mviringo, pana, limepita chini ya sakafu ya rubani moja kwa moja hadi kwenye injini. Halikugawanyika popote. Rubani amekaa juu ya bomba, ndiyo maana kabini imenyanyuka hivyo. Mdomo wa MiG-15 una ukuta katikati, unaigawa hewa mara mbili ikapita kushoto na kulia kwa rubani. Hayo ni mawazo mawili tofauti kabisa ya mahali pa kumweka mtu.

Halafu nenda chini. Magurudumu ya MiG yanakunjika ndani ya mabawa. Ya Tunnan yanakunjika ndani ya tumbo, kwa sababu bawa lake ni jembamba halina nafasi. Ukisimama mbele unaona yale magurudumu mawili yamekaribiana sana chini ya mwili ule mkubwa, unajiuliza ilikuwa inatuaje siku ya upepo wa pembeni. Nilimuuliza yule mzee. Akacheka tu.

Na mkia: bomba la moshi la MiG limekwenda mpaka mwisho wa ndege. La Tunnan ni fupi, linaishia chini, na mkia unaendelea juu yake kwenda nyuma. Mhandisi anafanya hivyo kwa sababu bomba refu linakula nguvu ya injini. Mtu anayeiga haigi mdomo peke yake akaacha njia ya hewa, magurudumu na mkia.

Tarehe pia zinakataa. MiG-15 iliruka mara ya kwanza tarehe 30 Desemba 1947. Tunnan iliruka tarehe 1 Septemba 1948, ila kazi ya kuichora chini ya Lars Brising ilianza tangu mwishoni mwa 1945. Ulaya ya Magharibi hakuna aliyeijua MiG-15 wakati huo.

Sasa mabawa, na hapa ndugu wa Nairobi nakupa robo ya haki, si zaidi. Wazo la kulaza bawa nyuma ni la Kijerumani kweli. Adolf Busemann alilieleza mbele ya wataalamu kwenye mkutano wa Roma mwaka 1935, na wengi wakaondoka bila kulijali, maana hapakuwa na ndege ya kukimbia kiasi hicho. Hoja yake ni hesabu nyepesi. Hewa inayolisumbua bawa ni ile inayolipiga kwa kulikata wima. Ukililaza bawa, sehemu ya upepo inateleza kulifuata urefu wake na haina madhara. Ndege ikienda kilomita 1,000 kwa saa, bawa lililolazwa nyuzi 25 linasumbuliwa kama vile linakwenda kilomita 906. La nyuzi 35, kama 819. Kwa hiyo unaukaribia mwendo wa sauti kabla ya yale matetemeko na uzito wa usukani kuanza.

Mwaka 1945 mhandisi wa Saab, Frid Wänström, alirudi kutoka Uswisi na nyaraka za utafiti wa Kijerumani kuhusu mabawa hayo. Mradi wa Tunnan, wakati huo ukiitwa R 1001, ulikuwa umechorwa na bawa lililonyooka. Wakalifuta. Lakini tazama walivyokuwa waangalifu: hawakuziamini karatasi tu. Walichukua Safir, kindege chao kidogo cha propela cha mafunzo, wakaifunga mabawa yaliyolazwa ya kipimo cha nusu, wakairusha mwaka 1947. Hapo ndipo walipojua bawa hili likienda polepole linakuwaje. Mimi naona hicho kindege ndicho kilichoifanya Tunnan iwe ndege, kuliko karatasi zote za Uswisi, ila hakuna anayekipiga picha.

Wamarekani nao walifanya hivyo hivyo. Sabre, jeti yao ya kivita, ilianza kuchorwa na mabawa yaliyonyooka, nyaraka za Wajerumani zilipofika wakabadilisha. Sasa Sabre tuseme nayo iliigwa kutoka kwa Kurt Tank? Kusoma utafiti wa mtu si kuiba ndege yake, hasa ndege ambayo mwenyewe hajaimaliza.

Swali lako la tatu, la nchi isiyopigana. Sababu ni hiyo hiyo, kutopigana. Mwaka 1940 Sweden ilikuwa imeagiza ndege za kivita Marekani na kuzilipia, Marekani ikazuia zisitoke. Waswidi wakabaki peke yao katikati ya vita, Wajerumani wako Norway na Denmark. Toka hapo wakaapa kujiundia. Saab ilikuwa kampuni changa, ya 1937. Miaka michache baadaye walikuwa na jeti yenye mabawa ya kulala, ya kwanza kuundwa kwa wingi Ulaya Magharibi baada ya vita, wakati Waingereza wenyewe waliouza injini bado wanarusha Meteor na Vampire za mabawa ya kunyooka. Waliunda 661 kufikia 1956.

Rubani wa kwanza kuijaribu alikuwa Mwingereza, Robert Moore. Inasemekana aliwaambia kuwa ardhini ni kitoto kibaya cha bata, angani ni mbayuwayu. Walioiona ikiruka hawakumbishia. Mei 1954 Anders Westerlund aliizungusha duara la kilomita 500 kwa wastani wa kilomita 977 kwa saa, akaivunja rekodi iliyokuwa ya Sabre.

MwanaLushi

Mzee wangu, asante sana, Mungu akuzidishie. Nimezitazama zile picha upya: ukuta wa mdomoni kwenye MiG upo kabisa, kwenye ile nyingine hakuna. Mjomba nimemsomea kwa simu amefurahi kupita kiasi, sasa ndiyo hatutapumua.

Ila babu alikuwa anasema pia kuna jeti nyingine, nyembamba zaidi, nazo mabawa nyuma, alizoziona mapema kidogo. Hiyo nayo ilikuwa hiyo hiyo? Na Sweden ilifuata nini huku kwetu?

FundiMstaafu

Babu yako alikuwa mwangalizi wa kweli. Zile nyembamba zilikuwa Sabre za Ethiopia.

Chanzo ni Septemba 1961. UN ilikuwa na askari wengi Katanga lakini haikuwa na ndege ya kivita hata moja. Upande wa Tshombe ulikuwa na Fouga Magister, kijeti cha mafunzo cha Kifaransa, na kimoja tu kilichokuwa kinaruka kikawatesa kitakavyo. Askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, walipigwa nacho wakiwa hawana la kukijibu. Mwezi huo huo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, naye Mswidi, akafa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, usiku wa kuamkia tarehe 18. Baada ya hapo UN ikaomba ndege. Ethiopia ikatoa Sabre, India ikatoa Canberra za mabomu, Sweden ikatoa Tunnan 5 za aina ya J 29B. Aina B ilikuwa na tangi za mafuta ndani ya mabawa, mafuta zaidi kwa nusu ya zile za mwanzo, na kwa nchi yenye ukubwa wa Kongo hilo si jambo dogo. Kikosi kilipewa namba F 22, kamanda Sven Lampell. Zikaruka zenyewe toka Sweden, zikitua njiani kujaza mafuta, zikafika Luluabourg, ambayo ni Kananga ya sasa, Oktoba 1961. Baadaye zikahamia kambi ya Kamina.

Fikiria kazi ya mafundi pale. Ndege iliyoundiwa baridi ya Baltiki imeletwa kwenye uwanja ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, jua kali, msimu wa mvua. Hewa ya moto na ya juu ni nyepesi, injini haishibi, ndege inahitaji barabara ndefu zaidi kuinuka. Bahati Wabelgiji walijenga Kamina kwa ajili ya ndege kubwa za kijeshi, barabara ilitosha.

Mwishoni mwa 1962 India iliziondoa Canberra zake kwa ajili ya vita yake na China, na Sabre za Ethiopia nazo zilikuwa zimeshaondoka. Wakabaki Waswidi. Wakaongeza J 29B 4 na S 29C 2, hizi za kupiga picha. Kwa hiyo vita ilipoanza tena tarehe 28 Desemba, jeti za UN zilizoingia kazini zilikuwa Tunnan peke yake. Za picha zilikwenda kutazama ndege za Katanga zimefichwa wapi, za mizinga zikafuata. Kila moja ilikuwa na mizinga 4 ya milimita 20 chini ya kidevu. Hakukuwa na mapambano ya angani hata siku moja. Ndege za Tshombe ziliharibiwa ardhini, kama babu alivyosimulia. Tunnan zilipigwa risasi nyingi toka chini na hakuna hata moja iliyoangushwa. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa UN wakaingia Kolwezi.

MawinguNbo

Mzee robo ya haki nimeipokea, nitaila polepole. Lakini unaisifu sana. Mimi nimesoma kwamba hii ndege iliua marubani wengi wa Sweden nyumbani, bila vita yoyote. Mbayuwayu gani huyo?

FundiMstaafu

Hilo ni kweli na sitalifunika. Miaka ya mwanzo ilikuwa na misiba mingi.

Bawa lililolazwa lina deni lake. Ule upepo unaoteleza kufuata urefu wa bawa unaelekea nchani, na ndege ikipunguza mwendo, nchani ndiko mnyanyuko, yaani nguvu ya bawa kuibeba ndege, unakokufa kwanza. Ncha za bawa la namna hii ziko nyuma, kwa hiyo mnyanyuko ukifa huko, pua inataka kuinuka yenyewe, na ndege inazidi kupoteza mwendo wakati ambao rubani hautaki. Saab waliweka vibao kwenye ukingo wa mbele wa bawa, vinavyofunguka flapu zikishuka ili hewa iendelee kushika. Vilisaidia. Baadaye walibadilisha ukingo huo, wakaupa jino, na aina ya mwisho, J 29F, ikapata pia kifaa cha kuchoma mafuta mara ya pili ndani ya bomba la moshi, ikainuka kwa nguvu zaidi.

Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu ya kifundi, haikuwa bawa. Tunnan haikuwahi kuwa na ya viti viwili. Kijana alifundishwa kwenye propela na Vampire, mabawa ya kunyooka zote, kisha akapewa kitabu, akafungwa mkanda, akaambiwa nenda. Hakuna mwalimu nyuma wa kumwambia "punguza kona, unakwenda polepole mno." Warusi waliitengenezea MiG-15 ya viti viwili, ikafundisha marubani nchi nyingi sana duniani. Hapo Warusi waliwashinda Waswidi, na nasema hivyo japo Waswidi walinilisha.

MwanaLushi

Ngoja nimalizie. Mjomba ameenda kwenye sanduku la babu ametoa picha ya zamani, imefifia. Ni ya mabaki ya ndege, nyasi ndefu, anasema ilipigwa Kamina baada ya vita na mtu wa reli. Mdomo hauonekani, umekatika. Nitajuaje ni ipi? Na kama ni Tunnan, mbona mabaki yako Kamina na umesema hazikuangushwa?

FundiMstaafu

Inawezekana kabisa. Kikosi cha F 22 kilipofunga kazi 1963, Sweden ilikuwa tayari na ndege mpya, na gharama ya kuzirudisha Tunnan ilizidi thamani yake. Nyingi waliziharibu wenyewe pale pale kambini.

Kuitambua picha, sahau mdomo, tazama nyuma. Bomba la moshi likiishia chini na mkia ukaendelea juu yake, hiyo ni Tunnan. Likiwa limefika mwisho kabisa wa mwili, ni Sabre au kitu kingine. Kama mkia nao umekatika, tafuta mashimo ya magurudumu makubwa: yakiwa tumboni, Sabre unaweza kuendelea kuifikiria, maana nayo inayaingiza huko kwa sehemu, ila yakiwa bawani peke yake, hizo zote mbili zifute. Mwambie mjomba aipige picha mchana, nje, bila kioo wala taa, aiweke hapa.

MawinguNbo

Na aweke na upande wa nyuma wa hiyo picha. Watu wa zamani walikuwa wanaandika tarehe huko.